Kamera ya Kuinamia

Jumamosi, 8 Juni

Nimefuta vumbi kamera zote. Binti yangu Neema anasema sebule ya baba yake imekuwa duka la vitu vya kale. Nilikuwa nimeacha kupiga picha za mkanda tangu simu zilipoingia. Nimezirudia baada ya kumzika mke wangu, mama yake. Mikono inataka kazi.

Picha za Mama Neema ninazo nyingi. Katika zote amesimama wima kama askari. Hakuna hata moja anayocheka. Na kicheko chake kimeanza kunitoka kichwani. Naogopa.

Jumatano, 12 Juni

Bunda. Salumu, fundi redio, alinitunzia kamera ya boksi. Hii haiwekwi jichoni. Unaishika tumboni, unainama, unamwona mtu kwenye kioo cha juu.

"Mzee, hii walitengenezewa wenye aibu," alisema.

Nimewaza njia nzima ya kurudi nyumbani Kitaji, Musoma. Watu husema mama mkwe wangu, kule Butiama, anacheka kama marehemu: jicho moja linafumba. Mimi sijawahi kuona. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Miaka yote nimeongea na kanga yake.

Jumamosi, 15 Juni

Butiama. Neema aliniombea ruhusa kwa bibi yake. Alikubali. Akakaa kwenye kigoda, mbali nami, kando ya mihogo iliyoanikwa. Niliinama. Kwenye kioo alikuwa mdogo kama stempu. Uso ameukaza, kama binti yake. Nilipiga, nikapiga, uso uleule. Mkanda ukabaki na picha moja. Nikainama zaidi.

"Neema, hebu muulize baba yako. Ananipiga picha au ameangusha sindano?"

Akacheka mwenyewe. Jicho likafumba.

Sikubonyeza. Nilikuwa natazama tu. Alikuwepo pale, Mama Neema, ndani ya kioo. Nilipokumbuka kidole, kicheko kilikuwa kinaisha. Nilibonyeza hivyohivyo.

Nimejilaumu hadi Musoma. Hata kushukuru nilisahau. Neema ndiye aliyeshukuru.

Jumatano, 19 Juni

Dawa ya kusafishia picha haijafika kutoka Mwanza. Mkanda uko kabatini. Neema ameniuliza kama nimeipata ile ya kicheko. Nimesema sijui.

Jumamosi, 22 Juni

Bado. Nimejaribu kumkumbuka Mama Neema akicheka, anakuja mama yake. Sijui kama nimempata au nimempoteza zaidi.

Jumatano, 3 Julai

Dawa ilifika jana. Leo nimesafisha. Nimechapa ile ya mwisho tu.

Mdomo una ukungu. Mkono mmoja haueleweki. Jicho moja limefumba.

Neema aliishika kwa ncha za vidole, bado inachuruzika maji. Akaenda nayo chumbani kwake, akarudishia mlango.

Sijamfuata. Nimeosha sinia za kusafishia, nikafungua dirisha harufu ya dawa itoke.