Siku Mama Alipomsemea Ba Numbi

Papa yangu,

Nimeolewa. Trésor ulimkuta, ulimpa mkono, ukamwambia anyooshe mgongo anaposalimia wakubwa. Sasa anaunyoosha hata akimsalimia mwuza mkate, na kila akifanya hivyo nakuona wewe. Ungengoja miezi minane tu, Papa. Miezi minane tu ungeniingiza kanisani mwenyewe, na viatu vyako vile vilivyokaa na udongo pembeni hata ukivisugua namna gani.

Nakuandikia katika daftari la vipimo vya wateja wangu wa kushona. Nimeketi dirishani. Nje kuna mawaridi ambayo ungeyasema vibaya kwanza, kisha ungeyashika kwa vidole viwili, taratibu, kama unavyomshika mtoto shavu.

Acha nianze na furaha, maana imenijaa na sina wa kumwambia tena, rafiki zangu wamechoka. Trésor anaamka kabla yangu, anapasha maji, anayafunika na sahani yasipoe, ndipo anapanda gari la kwenda Kipushi anakotengeneza pampu za mgodi. Jioni akirudi husimama mlangoni kwanza, haingii, ananitazama tu. Nikimuuliza anatazama nini, anasema, "Nahakikisha kama iko kweli." Mimi nina cheti cha shule ya sekondari na nilidhani nina akili, lakini mtu huyu akisema hivyo nasahau hata kusonga bukari iliyo motoni.

Nyumba tuliyopanga iko Golf. Ndiyo, Papa, Golf ile ile ya matajiri, uliyoijua kwa mlango wa nyuma. Usifikiri tumetajirika. Ni nyumba ya vyumba viwili, ukuta wake una nyufa, ila lupango lenyewe, kiwanja chote ndani ya ukuta, ni kubwa kuliko uwanja wa mpira wa parokia yetu. Mwenye nyumba anaishi Ulaya, na alitupunguzia kodi kwa sharti moja, bustani isife. Nikajidai mtoto wa mtunza bustani. Nikakata uzio wa majani kwa macho, bila kamba, ukatoka kama meno ya kizee. Wewe ulikuwa unavuta kamba hata kwenye kauzio ketu kule Annexe, ambako hakuna patron, bwana wa kazi, wa kukagua. Baada ya wiki tatu viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, nguo za wateja zilikuwa zimerundikana, na majani yalikuwa yameanza kukauka.

Nikamtuma mtu kwa Ba Numbi. Rafiki yako wa ng'ambo ya ukuta, uliyekuwa ukibadilishana naye mbegu na tumbaku juu ya matofali, yeye akitunza bustani kwa jirani wa patron wako. Patron wake alihama tangu mvua zilizopita, naye alikuwa anakaa tu nyumbani, Annexe. Alikuja na jembe lake begani, amevaa shati lake la misa.

Nikamuuliza, "Ba Numbi, unataka tukulipe ngapi?"

Akatazama viatu vyake. "Mutoto ya Ngoy," akasema, akitaja jina lako, "weye njo utaona."

Unayakumbuka maneno hayo? Ndiyo uliyomjibu patron wako kila mwaka, miaka yote, akikuuliza mshahara: aamue yeye. Weye njo utaona. Ulikuwa unatusimulia ukiwa unavua viatu, kama mtu aliyeonyesha adabu nzuri. Naye patron aliona, Papa. Aliona kile alichotaka kuona, akaongeza mfuko wa bunga wa mahindi wakati wa Noeli.

Basi na mimi nikaona. Jirani yetu mmoja, mama wa nyumba ya ghorofa, alikuwa ameshaniambia kwamba hapa mtunza bustani ni dola themanini kwa mwezi, "na musituharibie bei, nyiye batoto." Nasi tulikuwa tunaweka akiba ya salon, viti vya kukalia vya rangi ya divai ambavyo tulikuwa tunakwenda kuvitazama dukani kila Jumapili baada ya misa, kama mtu anavyomtembelea shangazi mgonjwa. Nikamwambia themanini. Akapinda magoti kidogo, akapiga makofi mawili ya taratibu, akasema, "Aksanti, mama."

Mama. Ananiita mama mtu aliyenifuta kamasi.

Nitakuambia ukweli, kwa maana kukudanganya sasa hakuna faida. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba ilikuwa rahisi.

Na bustani ikarudi. Alivuta kamba yake, uzio ukanyooka. Mawaridi aliyakata mpaka nikalia, kisha yakachipua. Saa sita alikuwa anakaa nyuma ya tangi la maji na karanga zake ndani ya karatasi, na nikimwita aje ale anasema ameshiba. Halafu wiki ya nne, Alhamisi, nikamkuta anamwagilia huku mpira wa maji unacheza mikononi mwake. Nilidhani ni utani. Nikamgusa mkono, nikaungua. Nikamwambia arudi nyumbani mara moja, alale, anywe dawa.

Hakuondoka. Alifunga bomba, akanitazama, akauliza kwa sauti ndogo, "Siku itakatwa ku mushahara?"

Papa, maneno hayo niliyajua.

Nilikuona umeketi kitandani asubuhi ile ya mwisho ya kwenda kazini, unatetemeka, unafunga kamba za viatu mara tatu bila kupata fundo. Mama anakuomba usiende. Na wewe unasema hayo hayo, siku itakatwa. Mama akaingia chumbani, akatoka amevaa kitenge chake cha ndege wa bluu, akasema sawa, ulale, yeye ndiye atakwenda kusema na patron. Ukamfuata hadi kwenye bomba la barabarani, unayumba, ukamshika mkono. "Bibi haende kusemea bwana yake kwa patron. Nitasikia haya." Akarudi. Ukaenda, na ugonjwa huo ndio uliokuchukua. Mama alikikunja kile kitenge, na tangu siku hiyo hakukivaa tena. Hakukivaa siku ya kukuzika, hakukivaa hata siku ya mahari yangu.

Nilimwambia Ba Numbi haitakatwa, aende. Alienda, lakini niliona hakuniamini. Siku mbili tu, akarudi na macho mekundu.

Ndipo nikaanza kuwaza ile siku ya mahari. Ulikosa kuona mambo. Baba mudogo Kalenga, mdogo wako huyo anayemwogopa hata karani wa ofisi yake, alikaa mbele ya watu wa Trésor akataja mbuzi, suti, blanketi, taa, mfuko wa chumvi, bila kupepesa jicho. Walipolia akawaambia walie vizuri. Hakuna aliyemwona ana tamaa, wala mimi sikuona haya. Kwetu mtu hajitaji bei mwenyewe. Watu wake ndio wanaomtajia. Sasa kwa nini tulikuwa tunamtaka Ba Numbi afanye peke yake kile ambacho hata bibi-arusi hafanyi?

Nilimwambia Trésor jioni akila. Alimega bukari, akafikiri. Kisha akasema, "Basi alete musemaji. Siye tutakaa upande wa bwana-arusi."

"Na salon?"

"Hivi viti vya plastiki vilishatufukuza?"

Papa, mtu huyu ulimpa baraka ukiwa mzima. Umefanya vizuri.

Ba Numbi alipopona nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akatikisa kichwa. "Sina muntu ya kunisemea. Bibi yangu alishakufa, batoto beko Kolwezi." Nikamwambia mtu yupo. Nikaenda kwa Mama, nikamsimulia yote, hata furaha yangu ya themanini. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Saa ngapi?"

Alikuja Jumamosi mchana, akitembea mbele, Ba Numbi nyuma yake. Alivaa kitenge cha ndege wa bluu. Mikunjo ilikuwa bado imekaa juu yake kama mistari ya daftari.

Nilimkimbilia nikiita, "Mama!" Akanyoosha kiganja kunizuia: siku hiyo alikuwa mgeni, si mama yangu. "Jambo yenu, ba nyumba hii. Siye tumetoka mbali." Akaketi upande wa pili wa meza, akaweka mkoba mapajani, akafunga midomo. Trésor akamwekea soda. Mama akaitazama soda. Trésor akaweka noti kwenye sahani. Mama akaitazama noti. "Kinywa yangu ingali ya kufunga," akasema. Trésor akaongeza ya pili, kikafunguka.

"Muliona maua kwetu," Mama akaanza. "Maua yenyewe iko na miaka makumi sita na mbili, na goti moja inauma mvua ikikaribia. Muliipenda vile?"

"Tuliipenda vile," akasema Trésor, mgongo umenyooka kama ulivyomfundisha.

"Bon. Maua haikule upepo."

Akaanza kutaja. Nauli ya gari mbili za kuja na mbili za kurudi. Chakula cha saa sita, cha sahani, "si karanga ya kufichama nayo nyuma ya tangi." Nikainamisha kichwa. Buti kabla ya mvua. Sabuni. Na mikono inayojua kufanya waridi liishi, hiyo nayo ina bei, kwa sababu haipatikani sokoni. Dola mia mbili. Trésor akakohoa.

"Bwana-arusi iko nakohoa. Mumupatie maji."

Ba Numbi akamnong'oneza msemaji wake, "Mama Nadine, ile ni mingi, wacha..."

"Nyamaza. Bibi-arusi hasemi siku ya mahari."

Tulicheka sote, hata yeye Ba Numbi, kofia mdomoni. Lakini walivutana kweli, Papa. Trésor alieleza mshahara wake wazi, Mama akamsikiliza wazi. Wakakutana kwenye mia moja na hamsini, nauli ya gari kando, buti mwezi wa tisa. Trésor akanyoosha mkono wafunge neno.

Mama hakuushika.

"Ingali moja," akasema. Sauti ile haikuwa tena ya mchezo. "Siku ya kugonjwa isikatwe."

Nikajibu kabla ya Trésor. "Haitakatwa."

"Hata kama ni siku makumi mbili?"

"Hata kama."

Mama hakuwa anamtazama Ba Numbi. Alikuwa anatazama mlango wa nyuma, uliokuwa wazi, na bustani ikionekana kupitia kwake. "Hata kama harudi?"

"Ndiyo, Mama."

Hapo hakunikataza kumwita hivyo. Akaushika mkono wa Trésor, akaushika muda mrefu. Kisha akanywa soda yake yote mara moja, kama mtu aliyetembea kwa mguu toka Annexe.

Sikuweza kumuuliza alikuwa anamsemea nani. Na wewe usimuulize mkikutana. Usimwambie umesikia haya kusemewa. Mwache aketi kwanza.

Ba Numbi sasa anakula mezani, ingawa bado anakaa ukingoni mwa kiti kama atafukuzwa. Bado ananiita mama, nimeshindwa kumwachisha. Jirani wa ghorofa amepunguza salamu, anasema tumeharibu bei. Lakini Jumanne mtunza bustani wake alichungulia juu ya uzio akaniuliza polepole, "Ule mama anasemeaka bantu bengine?" Nilimpelekea Mama swali. Akasema atafikiri. Kitenge kimefuliwa, kinaning'inia mlangoni, hajakikunja.

Salon ya rangi ya divai imenunuliwa na mtu mwingine. Tulipita Jumapili tukakuta nafasi yake tupu, Trésor akavua kofia kama kwenye maziko, nikacheka njia nzima. Tunakaa kwenye plastiki yetu, viti viwili vimegusana, na mimi nina furaha mpaka naogopa. Wakati mwingine katikati ya furaha hiyo nanusa majani yaliyokatwa, nageuka haraka, nakuta ni Ba Numbi anapita na toroli. Nageuka kila mara. Sijajifunza kutogeuka, na sitaki kujifunza.

Mama ameomba kijiti cha waridi jekundu kwa ajili yako. Ba Numbi amekitia kwenye kopo la maziwa, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, na anasema mvua za kwanza zikishuka kitakuwa tayari. Basi lala, Papa. Siku zako hakuna anayezikata tena. Mwezi wa kumi na moja tutakuja kaburini sote wanne, nitakupandia mwenyewe, na nakuahidi nitavuta kamba.

Mwanao,
Nadine