Kwa Nini Mtaa Mzima Unapenda Kobe

Nyumba ya kona,
nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko kwenye baridi? Kile kifua kimepona, au bado unajifanya shujaa na kutembea bila sweta? Wifi yangu hajambo? Sisi huku ni wazima. Vidole vyangu ndivyo vinavyolalamika kwa kuvuta sindano kutwa, lakini ndiyo kazi inayotulisha, sina neno. Baba naye anaendelea vizuri. Habari zake ndizo zilizonikalisha chini leo, ila nitazifikia kwa kuzunguka, unanijua.

Uliniuliza, kwa utani nadhani, kwa nini kila familia ya huku hununua gari la aina moja, hili tunaloliita Kobe kwa sababu ya mgongo wake wa mviringo. Nilicheka, kisha swali likanikaa kichwani. Miaka yote hii nashona vitambaa vya viti vya magari, na vipande vya Kobe navikata hata nikifumba macho, ila sikuwahi kujiuliza.

Basi nikaanza udadisi. Kila mteja akiketi kusubiri, namchokoza. Mwalimu wa hesabu akaniambia siri ni spea, kwamba ukikosa taa dukani utaipata hata kwa muuza mayai. Muuza mayai mwenyewe akasema huo ni uongo mtupu, siri ni springi, trei zinafika bila yai kupasuka. Mama Pacha akasema viti vya nyuma vinakunjuka, na wanawe wanalala juu yake kama kitandani. Nikawaamini wote. Lakini nilipowauliza mara yao ya kwanza kupanda Kobe ilikuwa lini, wote wakanitajia gari moja: la mkunga.

Unamkumbuka mkunga wetu, yule wa miwani ya kamba. Ndiye aliyeleta Kobe la kwanza mtaani. Hakuwa na nia ya kulitangaza kwa mtu. Alikuwa akigongewa mlango tu, anatoka. Nani hakubebwa na gari lile? Wenye uchungu, wenye homa, hata bibi harusi mmoja aliyekwama njiani na shela lake. Mama Pacha alimzaa wa kwanza humo humo, kabla ya geti la hospitali. Wa pili ndiye aliyekuwa na adabu ya kusubiri kitanda. Watu walipopata uwezo wa kununua la kwao, walinunua lile lililowahi kuwafikisha.

Nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe Baba sikuwa nimemuuliza.

Tulipokubaliana, mimi na wewe, tumnunulie gari la kumpeleka hospitali kuondolewa mtoto wa jicho, mimi nilifikiria Kobe moja kwa moja. Akakataa. Hakugomba, alisema tu, "Hilo hapana." Jirani akajitolea kumpeleka kwa Kobe lake, Baba akasema matone yanamtosha. Nilidhani ni ukaidi wa uzee, kutotaka kufanana na watu. Nilimnunia, na huku namwona anapapasa kikombe mezani.

Mkunga ndiye aliyenifumbua macho. Alileta gari lake nilivishe viti upya, nikamtania kwamba Baba peke yake ndiye adui wa Kobe mtaa huu. Hakucheka.

"Baba yako alipanda humu mara moja tu, mwanangu," akasema. "Siku ile ya mama yenu."

Mdogo wangu, wewe ulikuwa umeshaondoka, na mimi nilikuwa nimetangulia hospitali kutafuta kitanda. Tuliambiwa tu kwamba hawakuwahi. Mkunga ndiye aliyeendesha. Baba alikaa nyuma, kichwa cha Mama mapajani mwake, na Mama alikuwa akimuuliza kama dirisha la jikoni limefungwa. Kisha akanyamaza. Mkunga alielewa, lakini Baba aliendelea kumjibu mpaka walipofika: nimelifunga, mke wangu, nimelifunga.

Niliweka mkasi chini, sikuweza kukata tena siku hiyo.

Jioni nikamfuata sebuleni.

"Baba, ni kwa sababu ya gari la mkunga?"

Alikunja pindo la shati lake, akalikunjua. "Gari halina kosa. Lilikimbia kadiri lilivyoweza."

"Tukinunua la kwetu, nitalishonea viti vingine kabisa. Hutavijua."

"Najua unaweza. Lakini nitakuwa nimekaa juu yake nikijua kilicho chini ya kitambaa."

Sikumbembeleza tena. Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Tukanunua jingine, dogo, la jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia hapa. Linaruka kwenye mashimo, kwa hiyo siku ya kwanza tu likabatizwa Kiroboto. Makenika alifungua boneti, akakuna kichwa. "Dada, hili likigoma nikakutafutie spea mbinguni?" Nikamwambia akatafute. Nikampeleka Baba, jicho moja limeshafanyiwa upasuaji, la pili linasubiri zamu. Bandeji ilipotoka, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba nimezeeka. Nikajua anaona sawasawa.

Sasa sikia. Juzi, mchana, watu wako makazini na Kobe zao zote, mke wa kinyozi akashikwa na uchungu akiwa peke yake. La mkunga lilikuwa bado kwangu, kitambaa kimechelewa, halina hata kiti kimoja. Nikawasha Kiroboto. Baba, bila kuombwa, akaingia nyuma pamoja naye. Njia nzima nilimsikia akimuuliza habari za kwao, wako ndugu wangapi, nani mtundu. Yule dada anamjibu kwa kuguna na kufoka, naye anauliza tena, hakubali anyamaze.

Amejifungua msichana, wote salama.

Jana kinyozi akaja kushukuru, akalizunguka lile gari kama anayeposa. "Mzee, hili mlilipata wapi?"

"Usihangaike nalo," Baba akamwambia. "Spea zake hazipatikani."

"Tukiwa wengi zitakuja zenyewe, mzee."

Baba ameniuliza kama nimekuandikia habari ya safari ile ya Mama. Nimemwambia ndiyo. Akafikiri kidogo, akasema nikuongezee kwamba Mama hakuwa na hofu. Alikuwa anauliza tu habari za nyumbani.

Msalimie sana wifi yangu, na umbusu mwanangu kwa niaba ya shangazi yake. Mama Pacha, mkunga na mwalimu wanakusalimu. Mungu akulinde uendapo na urudipo, akuepushe na kikohozi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kuchoka,

Sindano