Mume Wangu Haoni Pembeni, na Bado Anabeba Abiria

Mpendwa Bi Tuhfa, shikamoo. Nakuomba uisome barua hii hadi mwisho hata kama mwandiko wangu mbaya, maana sina mwingine wa kumwambia, mama yangu hayupo tena duniani na wifi zangu siwezi kuwagusia neno hili. Mie naitwa Khairiya, nakaa Pongwe, nina watoto watatu, Wanu ndiye mkubwa wao, na mume wangu Yakoub ni dereva wa gari la abiria njia ya Tanga mjini kwenda Pangani, mwaka wa kumi na mbili sasa, na gari lenyewe ni la bwana mmoja anaitwa Hilal ambaye anamwamini mume wangu kuliko ndugu zake.

Jumapili iliyopita Yakoub aliniambia, "Mama Wanu, vaa, leo twende tukatembee mji." Nilimuuliza tunakwenda na gari gani, akasema, "La watu. Leo mie abiria." Bi Tuhfa, tangu anioe hajawahi kunitoa hivyo, basi nikavaa baibui jipya, watoto nikawaacha kwa jirani, tukapanda gari hadi mjini na jingine hadi Amboni, tukaingia mapangoni na mtembezaji mwenye tochi, na mume wangu alinishika bega tangu tunaingia hadi tunatoka akijikwaa kila hatua, mie nikasema ni giza, humu kila mtu anajikwaa, na Mungu anisamehe, nilifurahi kushikwa bega.

Tukarudi mjini tukakaa karibu na bandari tunakula muhogo wa kuchoma. Kulikuwa na meli kubwa inashusha mizigo, nikamwonyesha, akasema, "Wapi?" Nikanyoosha kidole, akageuza kichwa kizima huku na huku, hadi nikamshika kidevu nikamwelekeza, ndipo akasema, "Aa, naam, naiona." Nikamkatia kipande kingine cha muhogo, sikutaka kuiharibu siku.

Alasiri tukapanda gari la Pangani, njia yake mwenyewe, konda akamtania kwamba leo bosi amekaa kiti cha nyuma, tukashuka Tongoni kutazama magofu. Jua linawaka, peupe kabisa. Yakoub akageuka kushoto akaenda moja kwa moja akajigonga kwenye ukuta wa kaburi la kale, ukuta unaofika magotini, Bi Tuhfa, ukuta ambao hata mtoto angeuona, akaanguka na ngozi ya mguu ikachanika. Nikamfunga kwa mtandio wangu huku namuuliza, "Baba Wanu, huoni?"

Akasema, "Naona mbele tu. Kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Pembeni pamefungwa, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

Hapo nikamkumbuka Kristofa, mkata mkonge wa kule Kigombe ambaye mume wangu alimgonga na gari akiwa juu ya baiskeli yake miezi minne iliyopita, akakatwa mguu chini ya goti. Watu wote walisema Kristofa ndiye aliyeingia barabarani bila kutazama, wengine wakasema alikuwa amelewa, na mie nilikwenda hospitali na uji kwenye chupa nikamwambia mkewe Brightness kwamba ajali ni kudra, na Kristofa mwenyewe kitandani akaniambia, "Mama, mwambie dereva anisamehe, labda mimi ndiye niliyekosea." Sasa nikamuuliza mume wangu, "Na Kristofa je?" Akainamisha kichwa. "Sikumwona kabisa, Khairiya. Nilisikia kishindo tu."

Tulilia pale makaburini. Akaniambia alitaka avione vitu hivi na mie kabla hapajaziba kabisa, ndiyo maana ya matembezi yetu, halafu akanishika mikono yote miwili akasema, "Niapie hutomwambia mtu. Nikitoka kwenye usukani mie ni nani?" Nikaapa, wallahi, damu yake ikiwa vidoleni mwangu. Kesho yake alfajiri akachukua mkoba akaenda kazini kama kawaida.

Jana jirani yangu, huyo huyo aliyenilelea watoto, alipita na kichanga chake mgongoni akaniaga kwamba anakwenda Pangani na gari la Yakoub, kwa sababu Yakoub haendi mbio. Nikamwambia safari njema. Nikafunga mlango nikakaa nyuma yake hadi jioni. Walifika salama, lakini mie usingizi sina tena. Nikisema, nimevunja kiapo na nimemvunja mume wangu. Nikinyamaza, sijui. Naomba unielekeze, namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi.

Khairiya, Pongwe


Bi Tuhfa anajibu:

Khairiya, mwanangu, barua yako sikungoja iingie gazetini. Ilinifikia Alhamisi saa nne asubuhi nikakupigia hapo hapo, ukaniambia, "Ameshaondoka, yuko njiani na abiria." Nikakwambia kata simu, mpigie Hilal sasa hivi. Ulilia, ulinitajia kiapo, nami nilikufokea. Kwa kufoka kule sikuombi radhi.

Ulipiga. Gari lilisimamishwa njiani, akaja dereva mwingine kwa bodaboda, na abiria, kama ulivyonisimulia baadaye, walitukana kwa kucheleweshwa. Waache watukane. Yakoub alirudi nyumbani na mkoba wake, akakuuliza neno moja tu, "Weye?" Ukajibu, "Mie." Tangu hapo analala ukumbini na chakula chako hagusi. Umeniruhusu niyachape haya, na majina nimeyabadilisha. Sasa nisikilize.

Siku nne ulijua. Siku nne uliwaacha watu wapande gari lile, na mmoja ukamtakia safari njema na kichanga chake. Sikupambii maneno, hilo ni kosa, na kama wangekufa ungekuwa umeshiriki. Lakini uliandika, na uliposukumwa ukafanya. Wako wengi wasingefanya hata hilo.

Kuhusu kiapo, nimemuuliza sheikh ninayemwamini. Kiapo cha kuficha madhara hakishikwi. Unakivunja na kukitolea kafara: lisha masikini kumi, na usipoweza, funga siku tatu. Basi. Usikigeuze kuwa kamba ya kujinyongea.

Jambo la Kristofa ni zito zaidi, na hapa simwonei huruma mumeo. Mtu amekatwa mguu, na juu ya mguu amebebeshwa lawama. Ameomba msamaha kwa aliyemlemaza! Yakoub aende polisi mwenyewe aeleze alichokiona na asichokiona, kisha aende kwa Kristofa na Brightness ayaseme kwa kinywa chake. Mpe wiki moja. Asipokwenda, nenda wewe. Ndiyo, anaweza kushitakiwa. Ndiyo, wifi zako watakusema hadi uchoke. Sina njia ya kukupitisha kando ya hayo na sitakudanganya kwamba ipo.

Ameuliza akitoka kwenye usukani yeye ni nani. Ni baba Wanu, mtu aliyekuwa na hofu akaificha mpaka ikamkata mwenzake mguu. Usimtukane, lakini usimbembeleze pia kwa kumwomba radhi. Hukumkosea.

Ulinidokeza kwenye simu kwamba baba yake naye alifariki haoni, mkasema uzee. Daktari niliyemsimulia anahofia presha ya macho. Hakuna anayeweza kuthibitisha bila kupima, lakini kama ndiyo, kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa. Tena ni ugonjwa unaotembea katika ukoo, kwa hiyo ndugu zake wapimwe na wanao watatu wapimwe.

Jumatatu saa moja asubuhi muwe kwenye foleni ya kliniki ya macho. Mshike mkono mkivuka barabara, hata akiuvuta. Asipotaka kuzungumza na wewe, nyamazeni wote wawili, lakini foleni msitoke mpaka jina lake liitwe.