Faili la Harusi Yetu

Dada yangu kipenzi,

Hujambo na huo mgongo? Shemeji bado anakoroma? Sisi wazima, ila mkweo amepungukiwa meno mawili. Kaa chini kwanza nikupe.

Unajua alivyomkataza binti yetu kuchora mitindo ya nguo. Siku aliyokuta mchoro wa gauni kwenye kompyuta alimgongesha kichwa ukutani. Nilisikia, maana ukuta wetu ni mmoja. Kesho yake nikampeleka binti kwa fundi wa kompyuta. Fundi akacheka, akasema atamwekea kompyuta nyingine ndani ya ile ile, yote imo kwenye faili moja kubwa. Ukiwasha ukabonyeza kitufe fulani, mashine inaamkia ndani ya faili. Usipobonyeza, inaamka ya bwana kama kawaida. Tukaliita Harusi Yetu, adhani ni video. Nani atagusa harusi yake mwenyewe?

Basi Jumamosi binti kabonyeza, kioo cheusi tii, maandishi yanalalamika faili halionekani. Mara bwana huyo mlangoni! Akasema ameharibiwa mashine, akamchapa kwa waya wa chaji mpaka damu, halafu akamkaba koo. Dada, niliingia na pasi mkononi nikamshushia ya mdomo. Alipotaka kuinuka nikamwongeza ya goti. Unanijua, kazi nusunusu siwezi.

Yuko chini anatema damu, binti akamuuliza faili la harusi liko wapi. Akajibu alilifuta juzi apate nafasi ya mechi zake. Hata kulifungua hakulifungua! Binti hakulia. Alivua pete, akaiweka juu ya kompyuta, tukatoka.

Sasa hili lako peke yako. Fundi alibaki na nakala ya faili kwenye flashi, na binti alikuwa akimpelekea kila mchoro mpya. Kaichomeka kwenye kompyuta kuukuu hapa tulipohamia, ikaamka na michoro yote. Na unajua mimi na kalamu hatupatani: mimi nasema tu, anayechapa ni mwanao. Alipofika pale kwenye damu aliacha kuchapa, nikampa maji. Mkweo akija kuuliza, hujamwona. Akipandisha sauti, mwambie pasi bado ninayo.

Mgeuze shemeji alale ubavu.

Mdogo wako,
Mama Maneno

Mama, ni mimi. Mkono mmoja umevimba, nachapa kwa mwingine. Gauni lile alilonipigia lilikuwa lako. Nimelimalizia leo.