Ulisema Vya Plastiki, Shangazi

Shangazi,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ya hitma yako, wanawake walipojaa nyumbani na juzuu zikagawiwa, Mama alitaka nisome Yasini kwa sauti, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha. Nilisema jino linaniuma. Uongo. Meno ambayo yangeniuma yalikuwa yameshang'olewa. Niliogopa tu jamaa zetu wa Gede wasije wakayaona mapengo. Nikajifunika mtandio mpaka puani. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Mtoto huyu ana moyo mkavu, hata chozi hana." Sikulia kwa sababu hiyohiyo. Kulia nako kunataka mdomo.

Mpaka wiki iliyopita nilikuwa nikikuonea haya kwa hilo. Sasa nina hasira pia, na sijui niiweke wapi, maana hapa jina lako linatajwa kwa sauti ya chini tu.

Unajua tulivyoanza. Meno yangu ya mbele yametoka nje hata midomo haikutani, na darasani naitwa Kifungua Soda. Daktari alisema yang'olewe mawili ya juu, moja kila upande nyuma ya chonge, ipatikane nafasi ya kuyarudisha ya mbele. Nilikubali kwa sharti moja, nikalisema mbele yako na Mama: waya sitaki. Yuko mvulana shuleni kwetu ana waya, wanamwita Seng'enge. Yeye hucheka nao. Mimi hata kujibu swali la mwalimu natetemeka. Nilikuwa nimesoma kuhusu vile vifuniko vya plastiki angavu, unavivika juu ya meno, unavivua ukila, kila baada ya muda unapewa seti nyingine, na watu hawajui. Nikakwambia, Shangazi, nataka vile.

Ukaingia kwa daktari peke yako. Mimi nikabaki kwenye benchi na kitabu changu. Ulitoka ukitabasamu. "Yamekwisha, mwanangu. Vya plastiki. Hata malaika wako wa begani hataviona." Nikakuuliza, kweli? "Mimi nimekudanganya lini?" Nikacheka, nikaingia, nikang'olewa.

Siku ya tisa ukaanguka kwa presha, na hukuamka tena.

Wiki iliyopita Mama alinirudisha kule. Daktari alikuwa ameshaandaa vyuma vidogo vidogo kwenye sinia. Nikamwambia kuna makosa, vyangu ni vya plastiki. Akafungua faili, akanitazama. "Kwani shangazi yako hakukwambia?" Sahihi yako ilikuwa pale, yenye ule mkia mrefu, kwenye karatasi iliyoandikwa waya.

Akachukua taya la mfano la plasta na kalamu, akanieleza. Jino likishang'olewa, meno ya mbele yana safari ndefu ya kurudi nyuma. Kifuniko husukuma kichwa cha jino, na kwa safari kama hiyo jino huelekea kulala, kichwa kikarudi nyuma na mzizi ukabaki palepale. Waya hushika kila jino, na mzizi waweza kusogezwa pamoja nalo. Alisema wapo wanaofanikiwa kwa plastiki hata baada ya kung'olewa, wakibandikwa vijinundu vya kushikia juu ya meno na wakivaa vifuniko usiku na mchana bila uvivu, lakini kwa mdomo wangu yeye hataki kubahatisha. Na ubaya wa waya hakuuficha: mashavu kuchubuka ndani, mswaki kuwa kazi, mabuyu na miwa nisahau mpaka utolewe.

Nilielewa yote, Shangazi. Hapo ndipo panaponichoma. Ningeelewa hata siku ile. Hayakuchukua muda wa kusoma sura moja ya kitabu.

Labda ningekataa. Labda ningelia wiki nzima, halafu nikakubali. Hatutajua, kwa sababu uliamua wewe, na meno hayapandwi tena. Jioni ile nilipong'olewa ulininywesha maji ya dafu kwa kijiko, ukinichekesha mpaka pamba ikanidondoka mdomoni, na muda wote huo ulikuwa unajua. Najua ulinipenda. Nalirudia hilo mara nyingi, na bado halifuti kitu. Ulinifundisha kusoma, kisha ukanificha karatasi ya kinywa changu mwenyewe. Na tena ukafa, nisipate hata wa kumnunia.

Basi nakuaga hivi, bila kukudanganya: sijakusamehe. Nakuombea kila nikimaliza kusali, na msamaha ukija utakukuta huko. Ahadi yangu ni moja. Mdogo wangu Zuhura naye meno yake yameanza kutoka kama yangu. Siku yake ikifika nitamwambia yote kabla hajakaa kwenye kiti, na akitaka kukimbia, akimbie.

Wiki iliyopita niliondoka bila kuwekwa waya; Jumatatu hii baada ya shule nilirudi kwa daktari na Mama. Niliomba karatasi mpya. Nikamsomea Mama mstari kwa mstari, na palipokuwa pagumu nikamuuliza daktari, sauti ikinitetemeka. Aliyekuwa akingoja zamu yake alichungulia mlangoni mara mbili, nikaendelea. Nilipomaliza nilisema nimekubali waya. Mama akatia sahihi, nami nikatia yangu chini ya yake, ingawa daktari alisema ya mtoto haihitajiki.