Fuvu Kwenye Chupa, Mtoto Kwenye Krama

Shangazi Chanthou wa gazetini, nakuandikia nikiwa nimechoka kabisa, nisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni mke wa Sarith, tunalima kabichi kando ya mto hapa Kandal, Kambodia, tuna mtoto mmoja, Kanitha, wa miezi tisa, na mume wangu si mtu mbaya ila ni mbishi hajapata kutokea, kwa sababu tangu wadudu waingie shambani ananunua dawa yenye maandishi ya Kivietnamu ambayo hapa nyumbani hakuna anayeyasoma, na anachoangalia yeye ni fuvu tu, chupa isiyo na fuvu anairudisha dukani, nikimuuliza anasema, "Mama Kanitha, fuvu ndiyo alama ya dawa halisi, hizo nyingine ni maji ya kuoshea vyombo," na ule mstari mwekundu chini ya chupa anasema ni wa bahati, kama bahasha nyekundu za pesa za Mwaka Mpya.

Sasa shangazi, akipulizia huilowesha maji krama yake, kile kitambaa kirefu cha shingoni, akajifunga puani, akimaliza anaianika kambani, na mimi, najuta hata kusema, wiki mbili zilizopita niliichukua ile ile imekauka nikamfungia mtoto bembea kama tunavyofanya sote, akalala humo mchana kutwa, akaamka anatokwa mate na jasho, amelegea, mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano, tukakimbia naye kituo cha afya, na muuguzi alipouliza amekula nini Sarith akanikanyaga mguu, nami nikasema uji wa bibi yake ulichacha. Akapewa dawa ya tumbo, nafuu akapata, lakini hanyonyi kama zamani, na mama mkwe tangu siku hiyo hagusi sufuria, anasema, "Mpikieni wenyewe, mimi si ndiye ninayewaua wajukuu," na Sarith anasema nikifungua mdomo hakuna atakayenunua kabichi zetu, na Jumamosi anapulizia tena. Nifanyeje nyumba itulie?

Thavy

Thavy, mtoto hanyonyi, halafu unaniuliza habari za nyumba kutulia. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimeivua miwani.

Nakuhurumia, kweli. Krama ni yetu sote, mimi nimelelewa ndani yake, na hakuna aliyewahi kukaa nasi akatueleza zile picha za kwenye chupa. Lakini fuvu halihitaji Kivietnamu. Linasema kilichomo kinaua kikinywewa, kikivutwa puani, hata kikigusa ngozi, na mstari mwekundu ni daraja la juu kabisa la ukali. Mumeo amekuwa akizunguka dukani akichagua iliyo mbaya kuliko zote, tena kwa fahari. Pembeni kuna picha ya glavu na ya barakoa. Hizo hakuziona? Kitambaa kilicholowa hakizuii sumu, kinaifyonza, na kikikauka sumu imebaki humo humo.

Kwa hiyo rudi kwa muuguzi leo, si kesho. Mwambie ni dawa ya wadudu, mwambie ilipitia kwenye krama, na umpelekee chupa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri ili asome jina la sumu. Alimtibu tumbo kwa sababu ulimdanganya. Hiyo krama usiifue na nguo za mtoto wala usiichome moto, maana moshi wake nao ni sumu. Ifunge kwenye plastiki, umuulize muuguzi itupwe wapi. Jumamosi Sarith asipulizie. Kabichi zikiliwa na wadudu mtapanda nyingine.

Nyuma ya bahasha uliandika namba ya simu, na sikungoja gazeti litoke. Nilipiga, akapokea Sarith. "Shangazi, wewe uza magazeti, shamba tuachie," akakata. Nikapiga tena mchana, akapokea mama mkwe wako. Nikamweleza yote, na la uji pia. Kasirika ukitaka, sitaomba radhi. Akaniuliza tu kituo cha afya kinafungwa saa ngapi.