Kimto cha Kubandikia Mikate

Çorum,
14 Juni

Mpendwa Shangazi Satı,

Shikamoo. Naibusu mikono yako na kuiweka kipajini, japo wewe uko huko Köln na mimi hapa. Goti linaendeleaje? Dawa unakunywa, au unawaambia tu watu kwamba unakunywa? Sisi hatujambo, ila mama anakohoa kidogo.

Shangazi, nimefaulu! Tangu mwezi uliopita mimi ni Daktari Nurdane. Ni daktari wa Kihiti, lugha ya kale ya huku kwetu, si wa magoti, kwa hiyo usinitumie vipimo.

Aliyeniokoa ni wewe. Unajua lile neno la kwenye kibao cha udongo lilivyonikwamisha miaka miwili. Msimamizi wangu, Profesa Bedrettin, alishalitafsiri zamani kuwa ni ngao, na chuo kilishaniambia nisipomaliza kufikia Juni nifungashe virago.

Kiangazi kilichopita, ulipokuja, nilikusomea ile mistari wewe na mama mkioka. Ajuza anainama juu ya shimo la moto, mkate uko juu ya ngao, anainuka na ngao tupu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Ngao ya nini, we mtoto? Anapigana vita na mkate? Si kimto hiki hiki!" Ukatandaza donge juu ya kimto, ukainama, pa! Mkate ukabaki ukutani mwa tanuri letu la shimo, kimto kikarudi kitupu. Nami nimekula mikate hiyo maisha yangu yote, nisione. Aibu gani!

Siku ya kutetea tasnifu niliogopa, maana kumpinga Profesa mbele ya wenzake si mchezo. Nikaweka kimto cha mama mezani, nikaisoma mistari upya. Profesa akakichukua, akakigeuza, akakinusa.

"Mama yangu alikuwa nacho," akasema. "Na mimi nikaandika ngao. Miaka thelathini, jamani!"

Akawa wa kwanza kutia saini.

Kweli penye wazee haliharibiki neno. Ahsante sana, shangazi yangu. Nimeandika nikafuta mara tatu, shukrani hazitoshi kwenye karatasi.

Mama anakusalimu. Msalimie mumeo, Bwana Haydar, na binti yako Gülizar. Mungu asiache mikono yako ipoe.

Jambo moja zaidi. Wachapaji waliniuliza aliyefasiri neno hili ana cheo gani. Najua babu alikutoa shule darasa la tatu ukachunge kondoo, na kwamba hadi leo mbele ya wasomi unanyamaza. Sikuficha. Nakutumia nakala, fungua ukurasa wa mia na kumi na mbili usome mwenyewe, kwa sauti, wote wakusikie: "Maana hii imetolewa na Satı Karaca, mwokaji mikate."

Binti wa kaka yako, akupendaye kuliko anavyojua kusema,
Nurdane